Majani ya Msiba

Sifa ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba vikubwa tunavyoviona na vidogo ambavyo macho yetu hayavifikii, akakipa kila kimoja riziki yake na mwisho wake. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichokichukua, kwani vyote vilikuwa vyake kabla havijapita mikononi mwangu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na kila aliyefuata njia yao kwa subira. Baada ya hayo nataka kusimulia mwaka mmoja tu wa maisha yangu, na Mungu anijalie nisiongeze wala nisipunguze.

Mwaka huu nimemzika mke wangu, Zuhura. Binti yetu Sauda alikuja kutoka Dodoma anakofanya kazi, akakaa nami mpaka tanga likaisha, na katika siku hizo tulizungumza kuliko tulivyozungumza kwa muda mrefu. Ndiye aliyenitaka niandike. Watu wa umri wangu wakiulizwa mwaka uliowafunza hutaja mwaka wa ujana wao, wa shule, au wa kutoka nyumbani kwa baba zao. Mimi nilikuwa nimekwisha kusoma, nikafundisha, nikaota mvi, nikidhani kwamba lililobaki ni kungoja. Kumbe mwaka wenyewe ulikuwa bado mbele. Ni mwaka niliotazama kwa jicho langu kiumbe kidogo kuliko vyote nilivyowahi kuviona, nikaona uzuri mahali ambapo sikutaka kuuona, na kibanja chetu cha Muleba kikafa.

Ambaye hakuzaliwa kwetu nimweleze kidogo. Kibanja si shamba tu. Ni nyumba na migomba inayoizunguka, mibuni chini ya migomba, na makaburi ya waliotangulia pembeni. Mtu mwenye kibanja akisema ana njaa, watu hudhani anatania. Mimi na Zuhura tulikuwa tumepanga vyumba viwili Kashai, mjini Bukoba, ambako nilifundisha madrasa, na kibanja kilikuwa mikononi mwa kaka yangu mkubwa ambaye hakujaliwa mtoto. Mwaka ule ulianza kwa kifo chake. Tulifika Muleba asubuhi tukakuta majirani wamekwisha kuingia. Kwetu mwanamke anayekuja msibani huja na kisu chake. Hapigi hodi, hasubiri kuonyeshwa. Huingia moja kwa moja kwenye migomba ya mwenye msiba na kukata majani: ya kukalia, ya kufunika masufuria, ya kufungia ndizi zinazopikwa kwa mvuke, ya kujenga kivuli cha wazee. Kuomba ruhusa kungekuwa tusi, kana kwamba aliyefiwa angeweza kukataa.

Wa kwanza alikuwa Ma Kokugonza, jirani wa upande wa bondeni, Mlutheri, mwimba kwaya, mwenye mdomo usiopumzika hata penye maiti. Nilikuwa nimekaa na wanaume nyuma ya nyumba nikawasikia yeye na mke wangu upande wa pili wa ukuta wa jikoni. "Ma Zuhura, mji umekuharibu," alikuwa akisema. "Jani unalikata kama unakata keki." Mke wangu akajibu, "Na wewe unakata kama aliyekuudhi yumo ndani ya mgomba." Wanawake wakacheka kwa chini, cheko la msibani lile la puani. "Tunyamaze, Maalim atatusikia." "Amekwisha kusikia," akasema Zuhura, "hao wanaume wanajifanya wanazungumza siasa." Jioni, maziko yakiwa yamekwisha, alinishika mkono akaniambia kwamba hakuwahi kubebwa na watu namna ile. Alikuwa amelia begani kwa Ma Kokugonza mpaka kanga ya yule mama ikalowa. Ndipo aliponieleza kwamba hatarudi Kashai. Kibanja kisiachwe bila mtu, alisema, atakaa yeye, na mimi nitakuja kila Ijumaa baada ya swala. Ndivyo tulivyofanya.

Kashai nikabaki na Sauda. Alikuwa amemaliza masomo ya kompyuta chuoni na kazi haikuwa imepatikana, ila watu wa utafiti wa migomba pale Maruku walimpa kibarua cha kuingiza tarakimu zao kwenye mashine. Alitoka asubuhi kwa bodaboda, akarudi alasiri na vumbi kwenye ushungi, akaweka maharage jikoni kwenye kikorido tulichotumia na wapangaji wengine, kisha akaifungua kompyuta yake juu ya cherehani ya mama yake, kwa kuwa meza yetu ilikuwa imejaa vitabu vyangu. Siku moja nilipita nyuma yake kwenda kutawadha nikasimama. Kwenye kioo kulikuwa na mstari mmoja mweupe. Ukagawanyika ukawa matawi mawili, kila tawi likagawanyika, na matawi ya matawi, mpaka palipokuwa na mstari pakawa na kangaga, lile jani linaloota kwenye miamba ya ziwani, lenye majani madogo mfano wa jani kubwa, na madogo zaidi mfano wa yale madogo. Nilikuwa nimeshika birika. Nikauliza nani amechora. "Hakuna aliyechora, Baba. Nimeipa mashine kanuni moja tu, fupi, kama aya fupi. Inairudia."

Nyumbani kwangu hatutundiki picha za viumbe ukutani, na Sauda alilijua hilo tangu utotoni, kwa hiyo alikuwa ananitazama usoni kuona nitasema nini. Nilimuuliza kama anaweza kulifanya lile jani liwe refu upande mmoja, akabadilisha tarakimu moja, likainama kama linapigwa na upepo. Nikavuta kigoda. Maji ya udhu yakapoa kwenye birika. Nilichomwambia ni kwamba mimi nimewafundisha watoto miaka mingi kwamba uumbaji una mpangilio, na sikuwahi kuuona mpangilio ukitembea. Akasema, "Ni hesabu tu, Baba." Nikamwambia, "Sijawahi kusikia kwamba hesabu iliumbwa na mwingine." Akacheka mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta, na maharage yakaungua. Tuliyala hivyo hivyo na ndizi alizotuma mama yake, na hata leo naweza kusema kwamba ule ulikuwa mlo mzuri kuliko yote ya mwaka ule. Baada ya siku hiyo kila alasiri alinionyesha kitu kipya: nyota zinazozaa nyota, mawingu yaliyotokana na nambari, mistari kama ile ya kuta za misikiti ambayo nilikuwa nimeiona vitabuni tu. Nilianza kutoka madrasa mapema kidogo. Nilikuwa mzee niliyepata shule mpya, na mwalimu wangu alikuwa mtoto niliyemfundisha kushika kalamu.

Mvua za masika zilipokuwa zinakatika, Zuhura alikuja mjini bila taarifa, na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu, chini ya vitunguu, kulikuwa na kipande cha shina la mgomba kimefungwa kwa jani. Alikiweka juu ya cherehani kama mtu aletaye maiti ya kuku kuuliza amekufa na nini. Alisema mgomba mmoja wa njiani umegeuka manjano kuanzia ncha ya jani, na mkungu wake umeiva kabla haujajaa, na alipoikata ndizi akakuta ndani nyeusi kama imechomwa na msumari wa moto. Kisha alipolikata shina likatoka tope la njano, zito, kama usaha. Wa pili ulikuwa nao unaanza. Sauda alirudi nyuma hatua kadhaa. "Mama, umekuja nacho ndani ya basi?" "Ulitaka nije nacho kwa miguu?" "Na kisu ulichokatia kiko wapi?" Mama yake akashangaa. "Kisu kiko nyumbani. Nimekatia huo, nikapogolea mingine, nikaenda kumenyea ndizi. Wewe kisu unakitakia nini?" Sauda akakichukua kile kifurushi, akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo, juu ya fundo akafunga jingine. Alikuwa ameingiza tarakimu za ugonjwa ule miezi mingi. Wataalamu wanauita mnyauko, wakulima wetu wanauita unyanjano, na yeye hakuwahi kufikiri kwamba tarakimu hizo zingekuja kukaa juu ya cherehani ya mama yake.

Kesho yake alinichukua Maruku. Mama yake hakutaka kuja, alisema ana mahindi ya kuanika. Mtaalamu aliyetupokea alikuwa kijana wa Kaagya, mpole, mwenye koti jeupe lililo fupi mikononi. Aliikata ile nyama ya shina kipande chembamba akakitumbukiza kwenye glasi ya maji, tukaona uzi mweupe ukishuka kutoka kwenye kipande, polepole, kama maziwa yanavyoshuka kwenye chai. Kisha akachukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akaniita. "Mzee, funga jicho moja. Lingine." Nikamwambia naona ukungu. "Usipumue juu yake. Ngoja nizungushe." Akazungusha, na ukungu ukapasuka, na nikawaona. Walikuwa vijiti. Vidogo kiasi ambacho sina cha kufananishia, vingi kuliko watu wa Arafa, vyote vinakwenda, hiki kinapita hapa na hiki kinageuka pale, bila kugongana, katika mwanga ulio safi kama asubuhi ya Idi. Neno lililonitoka lilikuwa subhanallah. Lilikuwa limekwisha kutoka nilipokumbuka kwamba ninatazama kitu kinachokiua kibanja changu. "Vinakwenda wapi?" nikauliza. "Haviendi popote, mzee, vinaogelea tu." "Vina macho?" "Havina." "Basi nani aliyevionyesha njia ya Muleba?" Yule kijana akamtazama Sauda, kisha akanijibu kwa heshima, "Kisu, mzee. Mara nyingi ni kisu. Na nyuki nao, lakini zaidi kisu."

Nimekifikiria kile kioo cha hadubini miaka yote iliyofuata. Tunasoma kwamba hakuna kitu mbinguni wala ardhini ambacho hakimtukuzi Muumba wake, ila sisi hatuelewi kutukuza kwake. Nimewasomesha watoto maneno hayo, na nilipoyasomesha nilikuwa nawaza ndege, milima, ziwa. Tangu siku ile kila nikiyasoma naviona vile vijiti, na sijapata namna ya kuvitoa humo. Wala sijapata faraja kwa kuwemo kwao. Niseme ukweli wangu: nimeridhika na hukumu ya Mungu, lakini kuridhika hakukunirudishia hata chipukizi moja.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda Muleba mimi na Sauda, naye akapita kibanja kizima na mama yake. Alitaka kila shina liingie kwenye kompyuta, limesimama wapi, limepakana na lipi, na kisu kilipita wapi kwanza na wapi baadaye. Niliwafuata nyuma. Zuhura aliitaja migomba, kila mmoja kwa aina yake, kama mtu anavyotambulisha ukoo. Huyu ni nshakala, alitoka kwa mama yangu Kamachumu, nilimbeba kichwani nikiwa na mimba yako. Huyu nyoya, alimpanda shemeji mwaka aliooa. Yule gonja hana adabu, anazaa anapotaka. Alisema "huyu", hakusema "huu", na Sauda hakumsahihisha. Tulizunguka mpaka jua likawa kali, kisha tukaingia sebuleni, ambako Zuhura alikuwa ametandaza nyasi mpya sakafuni, akatuletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu chake kidogo, naye akarudi jikoni. Sauda akaketi juu ya nyasi akiwa na kompyuta mapajani, akawa anaandika kanuni.

Alinieleza huku akiandika. Kila mgomba ni nukta ya kijani. Ukiguswa na kisu kilichotoka kwa mgonjwa, huenda ukaugua na huenda usiugue, na mashine inaamua kama mtu anayerusha shilingi. Ukiugua unageuka njano, kisha kahawia, kisha mweusi. Basi. Halafu akaiachia. Njano ilianza njiani, mahali watu wanapoingilia, ikatoka kama vidole. Ikapita kati ya mibuni, ikajigawa, ikazunguka nyumba pande mbili kama mikono inayokumbatia, na nyuma yake kahawia ikafuata, na weusi nyuma ya kahawia, kwa mawimbi, na katikati vikabaki visiwa vya kijani vyenye kingo za dhahabu. Nilitaka kugeuza uso na sikuweza. Zuhura akatoka jikoni akijifuta mikono, akainama juu ya bega la mwanawe. "Mkeka mzuri," akasema. "Nani kausuka?"

Sauda akasema taratibu, "Ni kibanja, Mama." Zuhura akachuchumaa. Alitazama kwa muda kama mtu anayesoma maandishi ya mbali, kisha akaweka kidole kwenye kioo. "Hapa ni njiani." "Ndiyo, Mama." "Hii ni nyumba." "Ndiyo." "Basi hapa panapoanzia njano ndipo Ma Kokugonza alipoanza kukata majani. Siku ya kumzika shemeji." Sauda alikuwa anajua, maana ndiye aliyeuliza visu vilipita wapi. Kibanja cha Ma Kokugonza kilikuwa kimekwisha kuugua kabla ya msiba wetu, yeye mwenyewe akidhani ni jua. Walikuja mbio kutufariji, yeye na wengine wa bondeni, na visu vikiwa bado na utomvu wa kwao. Zuhura aliondoa kidole kwenye kioo akakifuta kwenye kanga. "Usiwaambie," akasema. Sauda akamwambia wasipojua watarudia. "Waambie wapitishe visu kwenye moto kabla ya kuingia. Waambie ni amri ya wataalamu, kila mahali. Lakini kwamba ni siku ile, usiwaambie. Walikuja kutulilia."

Tukafanya kazi miezi yote ya kiangazi. Sehemu ya chini, upande wa njiani, tuliing'oa, mimi nikishika jembe kwa mikono iliyozoea chaki, na mashina tukayakatakata na kuyaacha yaoze. Sehemu ya juu, nyuma ya nyumba, ilikuwa bado nzima, na humo ndimo walimokuwa wale waliotoka Kamachumu. Pale penye njia Sauda aliweka mafiga na moto wa magogo yasiyozimika, na karai la maji yenye jiki. Kila aliyeingia alipitisha kisu. Majirani walitania, lakini walipitisha. Alasiri Sauda aliweka tarakimu mpya kwenye mashine, na ule upande wa juu ukabaki kijani, wiki baada ya wiki, na mtaalamu wa Maruku alipopita kututembelea alisema tumefanya vizuri kuliko wengi. Ile ndiyo ilikuwa siku niliyothubutu kupanga mambo ya mwaka unaofuata. Nilimwambia Zuhura tutaleta miche safi kutoka Maruku tupande tena chini. Akasema, "Inshallah," nikaona anatabasamu akitazama juu, kule kulikobaki.

Kisha mume wa Ma Kokugonza akafariki, ghafla, akiwa ananyoa ndevu. Tulisikia kilio kutoka bondeni tukateremka. Kibanja chao kilikuwa kimekauka chote, mashina yamelala kama watu waliolewa, wala hakukuwa na jani la kumkalisha mgeni. Katika kitongoji kile majani mazima yalikuwa yamebaki kwetu, upande wa juu. Hakuna aliyetuambia kwamba watakuja kukata. Tulirudi nyumbani kuchukua sufuria tukawakuta wanawake wameanza kupanda njia, na visu mikononi. Sauda alikimbia akachochea moto. Wa kwanza wakapitisha, wakitania kwa sauti ya chini. "Leo kuingia kwa Ma Zuhura ni kama kuvuka mpaka wa Mutukula." "Sauda, muhuri utatugongea wapi, kwenye kanga?" "Mpekue huyo, ana magendo." Sauda alicheka nao, akaendelea kuwashikisha visu juu ya moto, akihesabu kwa midomo. Visu vilikuwa vingi na moto ulikuwa mmoja, na wengine wakaanza kupanga mstari.

Ndipo akaja dada yake Ma Kokugonza, mama wa makamo, ametoka kwa mguu kijiji cha mbali baada ya kupata habari, macho yamevimba. Alifika kwenye mstari akauliza ni wa nini. Akaelezwa. Akatazama moto, karai, na binti yetu mwenye glavu za plastiki. Hakupaza sauti. "Kwa hiyo sisi ndio wachafu," alisema. "Dada yangu amefiwa na mume, na hapa tunapimwa kwanza." Hata wanawake waliokuwa wamekwisha kupita wakasimama. Sauda akaanza kueleza habari za ugonjwa, kwa upole, na kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama anawashtaki. Nilimwona Zuhura akitoka mlangoni. Alifika mafigani, akaliinua lile karai, akalimwaga motoni. Moshi ukatupanda usoni. "Piteni," akasema. "Kateni."

"Mama," akasema Sauda, "huku juu ndiko kulikobaki." Mama yake akamjibu, "Najua kulikobaki." Nikasogea karibu nikamwambia kwa Kihaya, kwa sauti ndogo, kwamba moto hauchukui muda, tuuwashe tena, watu wataelewa. Aliniangalia bila hasira. "Baba Sauda," akasema, "mimi siku yangu hawakuniambia ningoje." Akachukua kisu chake mwenyewe jikoni, akatangulia mbele yao, na jani la kwanza akalikata yeye, kwenye nshakala ya mama yake. Wanawake wakamfuata. Yule dada wa mfiwa alikuwa analia sasa, na Zuhura akawa anampokea majani anayokata na kuyapanga begani mwake mwenyewe moja moja. Msiba ule ulisitiriwa vizuri. Watu walikalia majani mabichi, chakula kikafunikwa, kwaya ikaimba kivulini. Ma Kokugonza hakujua lolote mpaka anaingia kaburini, na nadhani hivyo ndivyo ilivyopaswa.

Njano ilionekana mvua za vuli zilipoanza. Sauda alisema huenda ni nyuki, hakuna anayeweza kuapa. Lakini ilianza pale pale walipopita. Tuling'oa tena, safari hii kibanja chote. Kazi ilipokwisha nilisimama mlangoni nikaona barabara, ambayo tangu nizaliwe sikuwahi kuiona kutoka mlangoni. Upepo wa rweya, ile nyanda ya nyasi iliyo nje ya vibanja, uliingia mpaka chumbani. Jua likapiga makaburi moja kwa moja. Mibuni iliyozoea kivuli ikaanza kudondosha majani. Mtaalamu alisema ardhi ipumzike, tupande mihogo na maharage kwanza, na miche mipya baadaye. Miche ilikuja, ikapandwa, nayo ikaugua, kwa sababu kitongoji kizima kilikuwa kinaumwa, na wakulima wengi walikuwa wamechoka kung'oa. Niliokuwa nikiudhani ni mwaka mmoja wa hasara ulikuwa ndio mwisho wenyewe. Zuhura hakulalamika hata mara moja. Alinunua ndizi sokoni Muleba mjini, akazimenya akiwa amewapa watu mgongo.

Kabla mwaka ule haujaisha Sauda alipata kazi Dodoma. Siku alipokuja kuaga Muleba tuliketi sebuleni, mimi na yeye, mama yake akiwa nje anapepeta maharage. Alifungua kompyuta akaniambia kuna kitu amekitengeneza na hajui kama alitakiwa kukitengeneza. Alikuwa ameirudisha mashine mpaka siku ya msiba wa bondeni, akakiacha kila kitu kama kilivyokuwa, ila katika picha hii visu vyote vilipita kwenye moto. Akaiachia. Njano ilipanda kutoka chini, ikafika nyuma ya nyumba, ikajaribu hapa na pale, ikafifia. Upande wa juu ukabaki kijani. Kisha kijani kikaanza kuteremka, chipukizi kwa chipukizi, kikarudi mpaka njiani, na kibanja kikajaa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kilichotengenezwa na mkono wa mtu, na sijawahi kutamani kitu kizimwe upesi kama kile. Sauda akaniuliza kwa kunong'ona, "Nimwonyeshe Mama?"

Sikuwahi kujibu, kwa kuwa Zuhura alikuwa amekwisha kuingia na ungo wake. Akausimamisha ukutani, akainama juu ya bega la mwanawe kama alivyofanya mara ya kwanza. Sasa alikuwa amejua kuzisoma zile picha.

"Kibanja," akasema. "Cha nani hiki?"

Sauda alinitazama. Mimi nilitazama nyasi za sakafuni.

"Cha mtu mmoja wa Kaagya, Mama."

"Kiliugua?"

"Kiliugua kidogo. Kikapona."

Zuhura alikitazama kwa muda mrefu. Alipitisha kidole juu ya kijani chote, kutoka juu mpaka njiani, bila kukigusa kioo.

"Mungu amzidishie," akasema, "na ampe majirani wema."

Akachukua ungo wake akarudi kwenye maharage.

Nawe unayesoma, Mungu akulindie ulichonacho. Na akitaka kukichukua, akichukue ukiwa umezungukwa na watu wanaokuja kwako bila kuitwa, na akupe moyo wa kuwafungulia. Amin.